Muulize Akiwa Peke Yake

Kapsoya, Eldoret
14 Septemba 2024

Dada Nyokabi,

Yesu asifiwe kwako na kwa masista wote walio nyuma ya ukuta wenu. Huku tu wazima, isipokuwa goti la mume wangu Kiarie. Mvua ikinyesha linamuuma, anafunga duka mapema na kunilaumu kana kwamba mawingu nimeyaita mimi. Mahindi ya Sugoi yamesimama vizuri. Mvua ya mawe ikituhurumia tutavuna Novemba.

Nyakio amekua, ungemwona usingemjua. Kila akicheka namwona baba yake. Tangu tumzike kaka yetu Munene sijasikia kicheko kile mahali pengine popote.

Sasa nikupe habari yenyewe. Nimepata kazi, na safari hii si ya kushona. Kuna mradi umekuja hapa mjini unaowapeleka vijana kujifunza ufundi mahali pa kazi penyewe: gereji, mikahawa, viwanda vidogo. Wanaitwa wanagenzi. Lazima awepo mtu wa kuwatembelea huko, kuona kama kweli wanajifunza, kuwasaidia wakikwama, na mwisho kusema huyu amehitimu au bado. Watu hao tunawaita maasesa. Mimi ndiye nimechukuliwa niwafundishe hao maasesa. Miaka yote niliyofundisha ushonaji pale politekniki, kumbe ilikuwa inanileta hapa.

Darasa letu ni ukumbi wa kanisa. Wengi ni walimu waliostaafu na mafundi wazee. Siku ya kwanza nilimweka mmoja, Mabonga, fundi wa kuchomelea vyuma, aigize mwanagenzi, na mwalimu mmoja aigize asesa. Yule mwalimu akauliza, "Unajua kushona?" Mabonga akajibu, "Ndiyo." Mwalimu akaandika alama na kufunga daftari. Nikampa Mabonga kitambaa na sindano, nikamwambia, "Haya, tuonyeshe." Dada, ukumbi ulicheka hadi mlinzi akaja kuchungulia! Lakini walielewa. Sasa wanajua kwamba asesa haulizi "unajua?" Anasema "nionyeshe." Na anamuuliza mwanagenzi akiwa peke yake, si mbele ya mkubwa wake.

Nyakio naye ameingia kwenye mradi huo. Amepelekwa kituo cha kupoza maziwa nje kidogo ya mji, ajifunze ufundi wa mitambo ya baridi. Msichana ni yeye peke yake kati ya wanne. Tuombee.

Mdogo wako,
Waiyego


Monasterini
19 Oktoba 2024

Waiyego wangu,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwenu, na goti la Kiarie lipate nafuu. Barua yako ilinifikia nikiwa jikoni tunaoka mikate ya altare. Niliisoma nikiwa na unga mikononi, ndiyo maana naikuta ina madoa.

Tuko masista kumi na mmoja, wengi wetu wazee. Zaidi ya hao, novisi anayejiandaa kuweka nadhiri tunaye mmoja tu, Kavetsa, kutoka Vihiga, na mimi ndiye mlezi wake. Anaimba vizuri mpaka Sista Mzee Perpetua, asiyesikia, hugeuza kichwa upande wake. Tukimpata wa pili kama yeye nyumba hii haitafungwa.

Nimefurahi kwa kazi yako. Ile ya "nionyeshe" nimeipenda.

Kumbuka kwamba simu hatushiki, na barua ni moja kwa mwezi. Majilio na Kwaresima hata hiyo hakuna. Zinazokuja hukaa kabatini kwa Mama Mkuu mpaka sikukuu ifike.

Mwambie Nyakio namwombea kila asubuhi kwa jina. Anajifunza nini sasa hivi?

Dada yako katika Kristo,
Sista Nyokabi


Kapsoya
9 Novemba 2024

Dada,

Pokea salamu kutoka shambani, mikono yangu bado inawasha kwa maganda ya mahindi. Tumevuna vizuri. Kiarie alikuja na fimbo, akakaa juu ya gunia akitoa amri.

Umeniuliza Nyakio anajifunza nini. Nilimuuliza hivyo hivyo jana tukimenya viazi. Akamaliza kiazi alichoshika. Kisha akaniambia mimi shangazi yake, "Tata, mimi ni wa chai na mitungi."

"Mitungi gani?"

"Ya maziwa. Naiosha. Ikiisha naenda kumpikia meneja chai. Ikiisha chai inakuja mitungi mingine."

"Na mashine?"

"Mashine naiona kwa dirisha."

Wale wavulana watatu pia ni hivyo, wao wanapakia magari. Kumbe kituo kiliwafukuza vibarua wanne wiki ile ile wanagenzi walipofika. Fundi mkuu, anaitwa Adongo, si mtu mbaya, lakini ameambiwa asipoteze wakati na watoto.

Mimi siruhusiwi kumkagua Nyakio kwa kuwa ni wa nyumbani kwangu, na hiyo ni sheria nzuri, mwenyewe naifundisha. Kituo hicho kimepewa Mabonga. Ndiye bora kati ya wote niliowafundisha. Ataenda Februari. Nyakio ananiuliza, Tata, huyo mzee akija nimwambie ukweli ama nimwambie niko sawa? Nikamwambia nitakuuliza. Wewe ungemwambia nini?

Waiyego


Monasterini
28 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Naandika kwa haraka kwa kuwa Jumapili Majilio yanaanza na mlango wa barua unafungwa. Kavetsa ana mafua lakini bado anaimba.

Mwambie Nyakio aseme ukweli. Sioni njia ya pili. Mtu aliyetumwa kuja kusikia akidanganywa, atamsaidiaje? Msomee mstari huu kwa sauti: Nyakio mwanangu, shangazi yako aliye mbali anasema usiogope. Sema kama ilivyo, bila kuongeza na bila kupunguza. Anayesema kweli hayuko peke yake.

Krismasi njema kwenu nyote.

Sista Nyokabi


Kapsoya
22 Februari 2025

Dada mpendwa,

Natumai hii itakuwahi kabla ya Jumatano ya Majivu. Tu wazima. Jua ni kali, vumbi la Kapsoya limeingia hadi kwenye sukari.

Mabonga ameenda! Nakueleza kama alivyonieleza yeye, na kama alivyonieleza Nyakio, kwa maana maneno yao yanafanana.

Alipofika, meneja alimwekea chai na mandazi ofisini, akawaita wanagenzi wote wanne wapange mstari. Mabonga akasema, "Chai nitakunywa nikimaliza. Naomba nimwone kila mmoja peke yake, pale anapofanyia kazi."

"Waulize hapa hapa, mzee. Sisi hatuna siri."

"Hata mimi sina. Lakini mtoto haongei vizuri mbele ya mzazi."

Meneja akacheka, akamwachilia. Mabonga akamchukua Nyakio mpaka chumba cha mashine, akamwambia, "Nionyeshe vile unaanza siku yako." Nyakio anasema alisimama hapo kama amesahau jina lake. Halafu akatembea mpaka nje kwenye bomba, akachukua brashi, akaonyesha mitungi.

"Na mashine?"

"Sijawahi kuigusa."

Mabonga akafungua daftari. Alisubiri tu, kama nilivyowafundisha, kwamba asesa asiogope kimya. Nyakio akamweleza yote, mitungi, chai, na siku aliyomwomba Adongo amwonyeshe kompresa, ile pampu ya kuleta baridi, akaambiwa arudi kwa sufuria. Mabonga akaandika. Alipomaliza akamsomea kila neno na kumuuliza, "Kuna mahali nimekosea?" Nyakio akasema hakuna.

Wavulana nao walisema hayo hayo. Kisha Mabonga akaketi na Adongo, wakapanga asubuhi mbili kila wiki wanagenzi wawe kwa mashine. Adongo alikubali bila ubishi. Alisema yeye mwenyewe ilikuwa inamuuma. Mwisho Mabonga akamkumbuka meneja, akanywa ile chai ikiwa baridi.

Nyakio alirudi nyumbani akiimba. Ameomba vitabu vya umeme vya baba yake, vile vilivyo kwenye sanduku. Nimevipangusa nikampa.

Dada, nimefundisha miaka mingi lakini sijawahi kuona somo langu likitembea kwa miguu hivi.

Waiyego


Kapsoya
29 Machi 2025

Nyokabi,

Najua hutaisoma hii mpaka Pasaka. Naandika hata hivyo, la sivyo nitamwambia Kiarie tena, na Kiarie amechoka.

Meneja alipiga simu ofisi ya mradi. Alisema aliomba wanagenzi, hakuomba wapelelezi. Wiki iliyofuata wote wanne wakaambiwa wasirudi. Mradi ukasema wasubiri watafutiwe mahali pengine. Nimezunguka mwenyewe, kiwanda baada ya kiwanda. Habari ilishafika kabla yangu. Ukisema jina la mradi mlinzi anakuangalia viatu, lango halifunguki.

Mabonga ameondolewa kwenye orodha ya maasesa. Nilienda kwa mkurugenzi nikasimama mbele ya meza yake nikasema, "Huyu mzee amefanya kile alichofundishwa." Akanijibu taratibu, kwa heshima kabisa, "Madam, hakuna mtu amesema amekosea."

Mama ya mmoja wa wale wavulana alikuja hapa kwetu. Hakuingia ndani. Alisimama langoni, akamuuliza Nyakio, "Ulikuwa unatafuta nini?" Nyakio akasema pole. Mama akasema pole haipiki, akaenda zake.

Nyakio analala mchana. Vitabu vimerudi sandukuni. Sijui nani alivirudisha, sikuuliza.

W.


Monasterini
26 Aprili 2025

Waiyego, mdogo wangu,

Kristo amefufuka. Naliandika neno hili kwanza kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa.

Jumatatu ya Pasaka Mama Mkuu alifungua kabati akanipa barua zako mbili pamoja. Niliisoma ile ya Februari kwanza, kwa sababu ya tarehe. Nikacheka kwa furaha peke yangu pale bustanini, nikafungua ya pili kabla furaha haijaisha.

Nimejaribu kumwandikia Nyakio mara tatu. Kila nikianza nakuta naandika maneno yale yale ya Novemba. Siwezi kumwambia nilikosea, kwa maana sijui ningemwambia nini kingine. Lakini siwezi pia kumwambia avumilie, mimi ninayekula na kulala bila kumwogopa meneja. Mwambie tu kwamba nimesoma.

Mabonga anaishije? Na wewe, mradi bado unakutaka ufundishe?

Sista Nyokabi


Kapsoya
19 Julai 2025

Dada,

Nisamehe kwa kukaa kimya. Baridi ya Julai imetushika, Kiarie anavaa koti hata akilala. Mahindi yamepata ugonjwa, majani yana mistari ya njano kama ya mwaka ule tulikula mahindi ya kununua. Salamu zako kwa Nyakio nilizifikisha. Alisema asante.

Mabonga amerudi kuchomelea milango kwa barabara ya Kaptagat. Nilimpitia. Tuliongea habari za mvua. Nilipoaga aliniambia, "Mwalimu, lile swali lako la nionyeshe lilikuwa zuri." Akavaa miwani yake ya moto.

Nyakio amepata kazi. Ni pale pale kituo cha maziwa. Msichana aliyechukuliwa kuosha mitungi aliolewa, wakamwita Nyakio kama kibarua. Mimi nilikataa. Nilimwambia afadhali akae nyumbani. Akaniangalia, hana hasira hata kidogo, akasema, "Tata, kazi ni ile ile. Angalau sasa hakuna mtu anajifanya ananifunza."

Anaondoka alfajiri na boda boda, anarudi mikono imekuwa myeupe kwa sabuni.

Kavetsa hajambo? Hujamtaja tangu mwaka jana.

Waiyego


Monasterini
30 Agosti 2025

Waiyego,

Salamu za upendo. Sista Mzee Perpetua alituaga wiki ya kwanza ya mwezi huu, akiwa usingizini. Tumebaki kumi.

Umeniuliza habari za Kavetsa. Baada ya kusoma barua zako nilifikiri, mimi pia ni mlezi, na sijawahi kumuuliza huyu mtoto swali lolote ambalo jibu lake sikulijua tayari. Basi Mei nilimchukua mpaka chumba cha kuokea, tukiwa sisi wawili, nikamwambia, "Nieleze siku yako ilivyo. Mimi nitanyamaza." Nikanyamaza. Alilia kwanza. Halafu akasema amekuwa akitaka kurudi kwao tangu mwaka jana, ila alihofia nyumba itafungwa kwa sababu yake. Kila nilipomsifu kuimba, alisema, alihisi mlango unafungwa.

Nilimfungashia mwenyewe. Kaka yake alikuja kumchukua. Hatuna novisi sasa, na Askofu ameandika anataka kutuona baada ya Noeli. Sijutii kumuuliza. Lakini sala za jioni zimekuwa fupi, na mimi husogeza midomo tu.

Umeniambia ya Kiarie, ya mahindi, ya Mabonga, ya Nyakio. Hujaniambia yako. Nilikuuliza Aprili, nauliza tena. Bado unafundisha? Unawafundisha nini?

Dada yako,
Nyokabi


Kapsoya
11 Oktoba 2025

Dada Nyokabi,

Pole kwa Sista Perpetua. Pole kwa Kavetsa, ingawa yeye labda ndiye wa kupongezwa. Mahindi tutavuna robo. Kiarie amefunga duka kabisa, anasema goti lakini mimi najua ni kuchoka.

Ndiyo, bado nafundisha. Nilikwepa kukuandikia kwa sababu wewe unaniamini. Mafunzo ya wiki mbili sasa ni asubuhi moja. Hakuna kuigiza, hakuna kitambaa wala sindano. Nawaonyesha jinsi ya kumpiga mwanagenzi picha akiwa na vifaa, na mahali pa kubonyeza kwa simu ili ripoti iende. Mkurugenzi hukaa nyuma ya ukumbi. Ningeacha. Lakini duka limefungwa, na mishahara ndani ya nyumba hii ni wangu na wa mitungi.

Mwezi uliopita, mkurugenzi akiwa ametoka kupokea simu, kijana mmoja anaitwa Okeyo aliinua mkono. Alifundisha sayansi sekondari, ana akili na moyo mzuri, unaona tu. Aliuliza, "Madam, na mwanagenzi akisema hafundishwi kitu, nifanye nini?"

Ukumbi wote ukaniangalia. Moyoni nilimwona Mabonga akiwa na sindano mkononi. Nilimwona Nyakio langoni. Nikasema, "Usiulize swali ambalo jibu lake huna mahali pa kulipeleka." Okeyo akainama akaandika.

Kituo cha maziwa kimepewa wanagenzi tena. Kuna msichana mpya, Nasike, ametoka Webuye, anapanga chumba na wenzake hapa Kapsoya. Yeye ni wa kufagia na kupanga chupa za sampuli. Juzi jioni Nyakio alinisimulia tukiwa mezani, Kiarie amelala.

Asesa alikuwa amekuja. Kwa maelezo yake nilijua ni Okeyo. Aliketi ofisini kwa meneja. Nyakio ndiye aliyeingia na chai. Nasike alikuwa amesimama karibu na ukuta akiwa amevalishwa ovaroli safi, ameshikishwa spana kwa ajili ya picha. Okeyo akampiga picha. Akamuuliza, meneja akiwa hapo hapo, "Unaendelea vizuri?"

Nasike aliinua macho. Alimwangalia Nyakio.

"Nikajua anataka kusema, Tata," Nyakio aliniambia. "Nilimwona mdomo unafunguka. Nikamtikisia kichwa hivi, kidogo tu, asiseme. Aseme ndiyo."

"Akasema?"

"Akasema ndiyo. Asesa akaandika, akanywa chai. Akaniambia asante, imekolea."

Nilimuuliza Nyakio kwa nini alimtikisia kichwa. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Wewe ungemwambia aseme nini?" Akakusanya sahani akaenda kuosha. Nikabaki pale nikisikiliza maji.

Okeyo si mtu mbaya, dada. Usimfikirie vibaya kwenye sala zako fupi. Alifanya sawasawa na nilivyomfundisha.

Wasalimie masista wenzako wote tisa.

Waiyego